Tunakumbuka Soko, Tumesahau Shamba



Kila mwaka vikundi vya parokia, kwaya, vijana wa VIWAWA na mafrateri walio likizo huvuka bahari kwenda Unguja. Ratiba yao karibu wote hufanana. Asubuhi wanakwenda Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Mchana wanakwenda shambani kuona viungo. Jioni wanamalizia Forodhani. Mkunazini tunaingia kwa ukimya, wengine wakifanya ishara ya msalaba. Shambani tunaingia tukicheka, tukinusa majani na kuulizia bei ya mdalasini. Maoni yangu ni kwamba sehemu hizo mbili ni historia moja, na kwamba kuzitenganisha kunatudhuru sisi Wakatoliki wa leo. Tunalikumbuka soko, tumelisahau shamba.

Nimetembelea shamba mojawapo upande wa Kizimbani nikiwa na vijana wa parokia. Kijana aliyetuongoza aliijua kazi yake. Alitukwangulia gome la mdalasini, akapasua kungumanga tuone wekundu wa basibasi, akatupa karafuu mbichi tutafune mpaka ulimi ukaingia ganzi. Tulivikwa kofia za makuti, tukapiga picha. Hakuna ubaya katika hayo, na watu wa pale wanapata riziki yao kwa halali. Kisha binti mmoja wa kundi letu akauliza, "Kaka, mikarafuu ya kwanza huku aliipanda nani?" Akajibu kwa unyoofu kwamba wageni huwa hawaulizi jambo hilo, na kwamba wanaotaka habari za watumwa hupelekwa mjini.

Jibu hilo linasema mengi juu yetu wageni kuliko juu yake. Hebu tulijibu swali la yule binti.

Mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Kwao ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia ya leo. Wafaransa waliupeleka kwenye visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abray, Mwarabu wa Oman, na Kizimbani ni kati ya mahali ulipopandwa kwanza. Baadaye Seyyid Said bin Sultan aliyatwaa mashamba yake, naye akahimiza kilimo hicho kwa nguvu zote. Kufikia katikati ya karne, Zanzibar ndiyo iliyoongoza duniani kwa karafuu.

Lakini mkarafuu haujali sultani wala mfanyabiashara. Unataka mikono. Kwanza msitu ufyekwe, miche ipandwe na kupaliliwa miaka kadhaa kabla haijazaa. Ukikua, mti hupita mita 10 kwenda juu. Vikonyo vyake havikomai kwa pamoja, kwa hiyo mti uleule hupandwa mara kadhaa katika msimu mmoja. Lazima karafuu ichumwe kabla ua halijafunguka, maana likifunguka thamani imepotea. Ikishashushwa huchambuliwa na kutengwa na makonyo, huanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa, na huanuliwa mbio mvua ikitisha. Kazi yote hiyo ni ya mikono, na mikono ile ilikuwa ya watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazaramo na wengine wengi, waliofikishwa pwani kwa miguu na kuvushwa kwa majahazi, wengi wao kupitia Kilwa. Kwa desturi mtumwa wa shamba alimfanyia bwana kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa akajilimia chakula chake. Msimu wa kuchuma ulipofika, hata siku hizo mbili ziliweza kuingiliwa.

Sasa tazama tofauti. Sokoni mtu alikaa siku moja, au siku chache. Shambani alikaa maisha yake yote. Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultan Barghash aliutia sahihi tarehe 5 Juni 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Shamba halikufungwa siku hiyo. Mwaka mmoja tu kabla, Aprili 1872, kimbunga kikubwa kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Ina maana kwamba wakati kengele za uhuru zikisifiwa huko Ulaya, mabwana wa mashamba walikuwa na kiu kubwa ya mikono ya kupanda upya Unguja na kupanua mashamba Pemba. Hali ya utumwa yenyewe ilikoma kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 tu. Hata hapo mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu. Fidia alilipwa bwana. Aliyechuma karafuu miaka ishirini hakulipwa kitu. Huku bara, Tanganyika, sheria ya kuukomesha utumwa ilipitishwa mwaka 1922. Baadhi ya babu za babu zetu walikuwa tayari wamezaliwa.

Kwa nini basi tunakumbuka soko peke yake? Nadhani ni kwa sababu soko ni kumbukumbu rahisi. Lina mwovu, ambaye ni muuzaji, na lina mkombozi, ambaye tunapenda kujiona kuwa upande wake. Pale Mkunazini wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa lao kuu, na mwaka 1998 msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs, aliweka sanamu za watumwa wakiwa shimoni na minyororo shingoni. Ukitoka pale unamlaani muuza watu, unarudi nyumbani umetakata. Shamba halikuachii hivyo. Shamba linauliza ni nani aliyekula. Aliyenunua karafuu na pembe hakuwa Mwarabu peke yake. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha mitaji. Wamarekani kutoka Salem walileta vitambaa, ndiyo maana mpaka leo tunasema "marekani" tukitaja kitambaa kile cheupe cha pamba. Wazungu wa Ulaya walitia karafuu kwenye vyungu vyao. Orodha ya waliokula ni ndefu kuliko orodha ya waliouza.

Na ndani ya orodha hiyo, ndugu zangu, tumo sisi. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Visiwa vya Ufaransa vilivyotupatia mbegu ya karafuu, yaani Mauritius ya leo na Réunion, vilikuwa vya mashamba ya watumwa, na mabwana wake walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Ufaransa ilikomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1848. Miaka 12 baadaye, Desemba 1860, Padre Armand Fava alishuka Zanzibar pamoja na mapadre na masista kuanzisha misheni, na alitoka Réunion hiyohiyo. Njia ya bahari iliyopeleka watu wetu kwenye mashamba ya Wakatoliki ndiyo iliyotuletea Ekaristi. Sisemi hivi ili kuidharau misheni. Nasema kwa sababu neema hushuka katika historia ilivyo, na mtu anayeshukuru kwa kweli hachagui kurasa za kusoma.

Katika misheni hiyo ya Zanzibar ndimo alimopelekwa Swema, msichana wa Kiyao. Simulizi yake iliandikwa na Padre Antoine Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870. Aliuzwa, mama yake akafia njiani katika msafara, na yeye akafika Zanzibar amedhoofu kiasi kwamba alionekana hana faida, akafukiwa ardhini akiwa hai. Kijana mmoja wa Réunion alisikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista. Simulizi inaendelea kusema kwamba baadaye alimhudumia kitandani mtu aliyekuwa kiongozi wa msafara ule, akamsamehe. Padre aliyeandika alitaka kuwagusa wafadhili wa Ulaya, na jambo hilo linaonekana katika uandishi wake. Hata hivyo tunabaki na kitu kimoja kisichopingika: tunalo jina. Swema alipona, ndiyo maana tuna jina lake. Walioonekana wana nguvu za kutosha walipelekwa mashambani, na majina yao tuliyapoteza pamoja na wao.

Mwaka 1868 misheni ilihamia Bagamoyo, ambako wengi wetu huhiji. Tunaonyeshwa msalaba ufukweni, mbuyu, kanisa la zamani lililopokea mwili wa Livingstone mwaka 1874, na makaburi ya wamisionari waliokufa wakiwa vijana wa rika langu. Ni haki kuwalilia. Walikuja wakijua kwamba homa inaua, na walikuja hata hivyo. Lakini Bagamoyo nayo ilikuwa shamba. Wamisionari walikomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto, wakawasomesha ufundi na katekisimu, na waliooana wakawekwa katika kijiji cha Kikristo kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Watu hao walipanda minazi na mazao mengine katika ardhi ya misheni, kwa ratiba ya kengele, chini ya uongozi wa mapadre waliosimamia kazi, sala na hata ndoa zao. Wako waliokaa, wakawa makatekista na nguzo za misheni za bara. Wako pia waliotoroka.

Tunawasifu waliokaa. Je, tumewahi kujiuliza waliotoroka walikuwa wakitafuta nini? Katika masomo ya falsafa tunasoma kwamba Aristoteli, katika kitabu chake cha Siasa, alimweka mtumwa katika kundi la vyombo, ila chombo chenye uhai. Tunasoma pia Kant, aliyetofautisha vitu vyenye bei na nafsi zenye hadhi: chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine, mwenye hadhi habadilishwi na kitu chochote. Ni rahisi kuandika tofauti hiyo kwenye karatasi ya mtihani. Shambani ni vigumu zaidi. Mtu anaweza kukutoa kwenye minyororo kwa upendo wa kweli, akakulisha, akakuombea, na bado akakupangia maisha kana kwamba hujui unachotaka. Hilo si sawa na utumwa, na tusivichanganye. Lakini aliyetoroka alikuwa akidai kitu ambacho mlo na kengele havikumpa, yaani kuwa mwenye neno juu ya kazi ya mikono yake.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza nalisikia hata kwa mafrateri wenzangu: kwa nini kufukua makaburi? Zanzibar ina majeraha yake. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 habari za utumwa zilitumiwa katika siasa kuchochea chuki, na damu ilimwagika. Naliheshimu pingamizi hili. Lakini kinachochochea chuki ni historia iliyosimuliwa nusu, ile inayompa jirani dhambi zote na kutuachia sisi usafi wote. Mkatoliki anayejua habari za Réunion hawezi kusimama Mkunazini na kumnyooshea kidole Mwislamu. Atasimama pamoja naye, wote wawili wameinamisha vichwa.

La pili ni kwamba tutalichafua Kanisa. Mfano wa Marekani unatusaidia. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, waliokuwa na mashamba makubwa, waliuza watumwa wao 272, wazee kwa watoto, kwa matajiri wa mashamba wa Louisiana. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Roma ilikuwa imeweka masharti, kati yake familia zisitenganishwe na fedha zisilipe madeni, na masharti hayo yalivunjwa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1839, Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa kwa barua ya kitume In supremo apostolatus. Kwa watu wale 272 karatasi hiyo ilichelewa. Mwaka 2017 chuo hicho, sasa chuo kikuu, kilifanya ibada ya toba, kiongozi wa Wajesuiti wa Marekani akaomba msamaha mbele ya wazao wa watu wale, na jengo moja likapewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika orodha ya mauzo. Imani ya wazao hao, ambao wengi ni Wakatoliki mpaka leo, haikuvunjwa na ukweli. Miaka mingi kabla, mwaka 1992, Mtakatifu Yohane Paulo II alikwenda kisiwa cha Gorée, Senegal, akaomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki biashara hiyo. Kama Papa hakuogopa kulichafua Kanisa, sisi tunaogopa nini?

La tatu ndilo zito: yamepita. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Basi tuje kwenye leo.

Tunalo neno ambalo hatulichunguzi, "kibarua". Limetokana na barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi za kutwa. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa. Walifanya kazi bandarini au kwenye maghala, wakalipwa ujira, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Neno limevuka karne nzima likatufikia. Je, desturi nayo imevuka nalo?

Parokia zetu nyingi zina mashamba. Seminari zina mashamba, mifugo na bustani. Nyumba za mapadre na za masista zina wapishi, wafuaji na walinzi. Waamini wetu wana wasichana wa kazi waliotolewa vijijini wakiwa wadogo. Mahali pengi watu hao hutendewa kwa haki, na tumshukuru Mungu. Lakini wapo vibarua wanaovuna mahindi ya taasisi za Kanisa na kuambiwa "rudini wiki ijayo, mhasibu hayupo". Wapo wanaopunjwa ujira kwa maneno matamu kwamba kazi ya Mungu ina thawabu mbinguni. Wapo waliofanya kazi miaka kumi jikoni na wanaitwa "yule mama wa jikoni", maana hatukuuliza jina. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Hakutofautisha shamba la tajiri na shamba la parokia. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 27, unaweka utumwa na mazingira ya kazi yanayomfanya mtu chombo cha faida katika orodha moja ya mambo ya aibu.

Napendekeza mambo matatu, yote yanawezekana bila bajeti.

Kwanza, kikundi chochote cha parokia kinachokwenda kwenye shamba la kale, iwe la karafuu Unguja, la minazi Bagamoyo au la mkonge Tanga, kiwe na maswali matatu mfukoni: nani alipanda, nani alivuna, nani alikula? Tumuulize mwongozaji kwa heshima, na tumlipe vizuri anapotujibu. Wageni wakianza kuuliza, waongozaji wataanza kusimulia.

Pili, tuwaombee wasio na majina. Tarehe 8 Februari tunaadhimisha Mtakatifu Josefina Bakhita wa Sudan, mtumwa aliyeuzwa mara kadhaa. Jina Bakhita alipewa na waliomteka, na maana yake ni mwenye bahati. Jina alilopewa na wazazi wake alilisahau kwa hofu. Siku hiyo, na tena tarehe 2 Novemba, jumuiya ndogo ndogo zinaweza kutoa nia moja kwa ajili ya waliokufa mashambani bila kaburi linalojulikana. Kanisa linalosali litania ya watakatifu linajua umuhimu wa kutaja majina, na linajua pia kuwaombea wale ambao Mungu peke yake anawajua.

Tatu, kila shamba la parokia au la seminari liwe na daftari. Ndani yake yaandikwe majina kamili ya vibarua, kazi waliyopatana, ujira na siku ya kulipwa, na siku hiyo iheshimiwe kama tunavyoheshimu saa ya Misa. Sisi mafrateri, ambao Mungu akipenda kesho tutakuwa maparoko na wakuu wa nyumba, tujizoeze tangu sasa. Anayepita bustanini kila siku bila kujua jina la anayeipalilia hawezi kuhubiri juu ya hadhi ya binadamu, hata kama amepata alama za juu katika somo la Kant.

Msimu wa mavuno uko karibu katika majimbo yetu mengi. Mapema kabla haujafika, halmashauri za parokia zitakutana kupanga vibarua wangapi watahitajika. Ndugu msomaji, ukiwa katika kikao hicho, usikubali kiishe kwa kutaja idadi. Uliza watalipwa lini, na nani ameandika majina yao.